Watoto wa Dirishani

Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto, ilipoanza kurushwa Marekani, Novemba 1969, mtoto wa Temeke, Dar es Salaam, hakuwa na pa kuiangalia hata kama baba yake angekuwa na fedha. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa, na Tanzania Bara ikakaa bila kituo hadi 1994. Zanzibar walitangulia mbali: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na televisheni, tena ya rangi.

Watoto wa Bara walikuwa na redio. Kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam kiliwatoa wengi uwanjani, mpira ukaachwa, ili wamsikilize Debora Mwenda akisimulia hadithi. Wahusika kila mmoja aliwachora mwenyewe kichwani.

Kisha ITV na DTV zikaingia hewani mwaka 1994, na miaka michache baadaye ikafuata Televisheni ya Taifa, TVT, ambayo leo ni TBC1. Tandika, Mbagala, Manzese na Mwananyamala, seti zilikuwa chache, nazo za chogo, zimefunikwa kitambaa cha kufuma kama mwali. Mmoja alitumwa nje kuzungusha mlingoti wa antena huku wenzake wakipiga kelele kutoka ndani: "Hapo hapo! Aah, umepitiliza!" Aliyeruhusiwa kuingia sebuleni alinawa miguu, akakaa chini, na akitumwa dukani alikwenda mbio asije akapitwa. Waliobaki walining'inia dirishani, wadogo wakibebwa mgongoni. Mwenye nyumba akipata wageni, kipindi kilikuwa kimekwisha: haya, kila mtu kwao.

Katuni nyingi zilizungumza Kiingereza. Mkubwa kidogo aliyeonja darasa la tano ndiye aliyekuwa mkalimani, na pale alipokwama alitunga, hakuna aliyembishia.

Sesame Street yenyewe ilifika kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa jina la Kilimani Sesame. Pamoja na herufi na namba, ilifundisha juu ya malaria na UKIMWI. Waandaaji hawakuitegemea skrini peke yake. Yaliyomo yaliwekwa pia kwenye redio na vitabu. Watafiti Dina Borzekowski na Jacob Macha waliwafuatilia watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa wiki sita, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, waliopata zaidi vipindi hivyo walikuwa wamejifunza zaidi.

Mwaka huohuo wa 2010, watoto wa Uingereza walianza kuona Tinga Tinga Tales kwenye CBeebies, kituo cha watoto cha BBC. Katuni hizo zilichorwa Nairobi, lakini mtindo wake wa rangi kali na wanyama wenye madoa ulikuwa wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Oysterbay, Kinondoni, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa hapa ilifika Januari 2014, TBC1 ilipoanza kurusha Ubongo Kids. Mwaka mmoja kabla, mitambo ya analojia ilikuwa imezimwa jijini, tarehe 31 Desemba 2012, na nyumba isiyo na king'amuzi ikabaki na kioo cheusi. Ubongo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013 na Nisha Ligon na wenzake, ilijua kwamba televisheni moja ina watazamaji wengi na kwamba simu ya kitochi iko karibu kila nyumba. Hesabu ikaimbwa, ili hata anayechungulia kwa mbali aondoke na wimbo, na maswali yakajibiwa kwa ujumbe mfupi. Mwanafunzi wa Mbagala alibonyeza jibu lake kwenye simu ya mama, na jibu la kumwambia amepata au amekosa likarudi palepale.

Kwa wadogo zaidi ikaja Akili na Mimi, yenye Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye kila akilala huingia kwenye nchi ya ndoto. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Ubongo iliviruhusu vituo kutumia vipindi vyake bure, vya televisheni na vya redio pia, kwa kuwa hata wakati huo si kila nyumba ya Kinondoni na Temeke ilikuwa na runinga yake.