Suti ya Kaunda na Istilahi ya Vazi la Tafrija

Mfasiri wa kadi za mwaliko hapa Songea hukabiliwa na swali: mwanamume avae nini katika tafrija ya jioni isiyo dhifa ya kitaifa? Historia yatupa jibu. Koti lililofungwa hadi shingoni liliitwa chunlai, kwa jina la Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa China aliyezuru Tanzania mwaka 1965. Lile lenye kola wazi, aghalabu la mikono mifupi, liliitwa suti ya Kaunda, kwa jina la Rais wa kwanza wa Zambia. Yote mawili hayakudai tai. Kwa hiyo twapendekeza kadi iandikwe: “Suti, au suti ya Kaunda.” Mwalimu asiye na tai asizuiliwe mlangoni kwa kosa la tafsiri.