Jicho la Bunduki

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo mafundi wa silaha walilihangaikia kwa miaka mingi, nalo ni hili: namna ya kufunga darubini katika bunduki ili iweze kuondolewa na kurudishwa, na bunduki yenyewe isipate jeraha.

Pengine msikilizaji atauliza, "Kwa nini iondolewe?" Darubini ni kioo, na kioo huvunjika safarini; mvua na umande hukitia ukungu; na adui akiwa karibu, askari hupenda kulenga kwa vyuma vya kulengea vilivyo juu ya kasiba. Lakini irudishwapo, sharti ikae pale pale ilipokuwa. Ikipotoka kwa unene wa unywele, risasi itamkosa aliyelengwa, na mpigaji atakuwa amekwisha kuonyesha maficho yake. Hapo maisha yake yamo hatarini.

Uingereza, kuanzia mwaka 1942, nyumba ya Holland & Holland ilipewa bunduki za namna ya Na. 4 zilizochaguliwa kwa usahihi wake. Mafundi walikaza vipande viwili vya chuma katika ubavu wa kushoto, na mkono wa darubini ukashikwa hapo kwa parafujo mbili kubwa zikazwazo kwa vidole. Darubini ilikuwa na sanduku lake la bati, na nambari yake ilipigwa chapa katika mti wa bunduki yake, zisipate kutengana. Zilipimwa pamoja, kama chungu na kifuniko chake.

Marekani shida ilikuwa kubwa zaidi. Bunduki yao ya M1, iliyokubaliwa mwaka 1936, ilitungwa na John Garand katika karakana ya serikali ya Springfield. Risasi zake 8, zilizobanwa pamoja kwa chuma, hutiwa kutoka juu, na maganda hurukia juu. Basi darubini ingekaa juu, ingeziba mlango. Kwa hiyo iliwekwa kando kushoto, na askari akafungiwa mto wa ngozi katika kitako apate kuegemeza shavu.

Mwaka 1944 zilikubaliwa njia mbili. Ya kwanza, iliyoitwa M1C, ilitumia kishikio cha nyumba ya Griffin & Howe ya New York. Bamba la chuma lilikazwa ubavuni mwa bunduki kwa parafujo na pini, na darubini ikashikwa kwa wenzo uwezao kufunguliwa kwa mkono. Kishikio hicho kilikuwa kizuri, lakini kilitaka mwili wa bunduki utobolewe. Nao ni chuma kilichotiwa matiko: kikisha kuwa kigumu hushindana na kekee, na kikipashwa moto tena nguvu zake hubadilika. Bunduki iliyokwisha kutengenezwa haikugeuzwa kwa urahisi.

Njia ya pili, M1D, ilibuniwa na Garand mwenyewe. Aliuacha mwili kama ulivyo, akahamishia kishikio kwenye kasiba, nyuma kabisa, penye pete nene ya chuma. Darubini ilishikwa hapo kwa parafujo moja yenye kichwa kipana. Ubao wa juu ulifupishwa kidogo tu. Tangu hapo, bunduki ya kawaida yaweza kugeuzwa kwa kubadili kasiba, na kurudishwa vile vile kuwa ya kawaida. Zilizo nyingi ziligeuzwa baadaye, wakati wa vita vya Korea vya 1950 hata 1953.

Twaona, basi, kwamba Garand hakushinda kwa kekee iliyo kali zaidi. Alishinda kwa kuuliza ni sehemu gani ibadilikayo bila hasara. Kasiba huchakaa na kubadilishwa, mwili hudumu. Baada ya vita, bunduki nyingi za jeshi ziliuzwa kwa wawindaji, na baadhi yao walizitoboa ovyo. Leo watunzao silaha za kale huzithamini zaidi zile zilizobaki nzima. Tundu laweza kuzibwa, lakini chuma hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.