Kikerewe, lugha ya kisiwani
Ukishuka melini Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, maongezi ya gatini ni Kiswahili, Kijita na Kikara. Kikerewe utakisikia zaidi kwa wazee. Ndugu yake wa karibu ni Kihaya cha ng'ambo ya Ziwa Victoria, si Kisukuma cha majirani. Shuleni watoto hufundishwa kwa Kiswahili, na nyumba nyingi zimefuata.

Hata hivyo, Kikerewe kina riwaya. Aniceti Kitereza wa hapa Ukerewe aliimaliza mwaka 1945: mke na mume wanaotafuta mtoto, dawa za waganga, upishi wa pombe ya ndizi hatua kwa hatua. Mchapishaji hakupatikana. Akaitafsiri mwenyewe, ikatoka kwa Kiswahili miaka ya 1980, zaidi ya miongo mitatu baadaye.