Msako wa Mafumbo wa MIT
Shindano la kila Januari katika chuo cha MIT, Cambridge, Marekani. Lilianzishwa mwaka 1981 na Brad Schaefer, wakati huo mwanafunzi chuoni hapo, aliyeficha sarafu ya senti moja. Timu hupewa mafumbo yasiyo na maelekezo. Majibu yakiunganishwa huzaa fumbo kubwa zaidi, mpaka sarafu iliyofichwa ipatikane. Aliyekulia Namanyere, Tanzania, hatakuwa mgeni kabisa wa mchezo huu: katika vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji akauzuru kwa maneno ndipo afichue jibu. Tofauti ni kwamba huko MIT hutembewa kwelikweli, jengo hadi jengo. Timu inayoshinda hutunga msako wa mwaka unaofuata, kazi nzito kuliko ushindi wenyewe.