Riwaya ya Mbwaa na Mashine ya Kutafutia

Wazee wa Meru wamepokezana, kizazi baada ya kizazi, habari ya kwamba babu zao walikaa Mbwaa, kisiwani, wakatiwa utumwani na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani Nguo Nyekundu, hata wakatoroka kwa kuvuka maji na kushika njia ya kuelekea Mlima Kenya. Riwaya hiyo iliandikwa na H. E. Lambert, mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, ambaye wapenzi wa Kiswahili humjua zaidi kwa utafiti wake wa Kivumba na lahaja nyingine za pwani. Ikaandikwa na padre Bernardo Bernardi katika kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa dini wa Wameru, kilichotoka mwaka 1959. Kisha Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee miaka michache baada ya uhuru, akaielekeza kwenye kisiwa cha Manda, jirani na Lamu.

Leo mwanafunzi aliyeketi chuoni Nchiru, Meru, huandika neno Mbwaa kwenye kompyuta, na kabla hajakaa vizuri kurasa tele zimemfikia, zote zikikubaliana. Kukubaliana huko ndiko kunakonitia shaka. Waliotangulia walisomwa na waliofuata, vitabu vikaingia madarasani, na mzee anayehojiwa leo huenda alifundishwa kisa hicho na mwalimu kabla ya kukisikia kwa babu yake. Ilhali mashine, isiyojua nani kapokea kwa nani, huhesabu kila rudio kuwa ni shahidi mpya. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilitambua jambo hili karne nyingi zilizopita: kauli ya mpokezi mmoja, hata ikinakiliwa katika vitabu mia, hubaki kauli ya mpokezi mmoja, na isiyo na sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, haisimami kuwa hoja.

Upande wa Embu, jirani na Meru, mambo yana sura nyingine. H. S. K. Mwaniki, katika *Embu Historical Texts* cha mwaka 1974, aliyachapa masimulizi ya wazee wenyewe, hazina ambayo ni wachache waliojaliwa kuwa na mfano wake. Lakini kitabu cha namna hii kikipigwa picha na kusomwa na programu, alama za juu ya ĩ na ũ aghalabu hupotea, na jina la mzee husalia mbali na maneno yake. Na mtu akitafuta jina la Mbeere, majirani wa Embu, kwa e mbili, karatasi za serikali ya kikoloni zilizoandika Mbere humpita kimya kimya.

Sisemi kwamba teknolojia hizi hazina faida. Hilo lingekuwa ni ukaidi mtupu. Sauti ya mzee iliyorekodiwa huhifadhi kusita kwake, ambako kalamu ya karani ilikuwa ikikuruka. Na Museum of British Colonialism, tangu mwaka 2018, imekuwa ikizichora upya kambi za kizuizini za wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau na kuzikusanya shuhuda za waliozipitia, kazi yenye uzito kwa Mwea, palipokuwa na baadhi ya kambi hizo na pakiwa wakati ule katika wilaya ya Embu.

Basi kabla ya kununua mitambo mingine, vyuo vya Meru na Embu viiandike sanadi ya kila rekodi: msemaji ni wa rika gani, aliisikia wapi, kwa nani, na je, amewahi kuisoma? Huenda mashahidi wa Mbwaa wakapungua wakabaki watatu au wawili, na hapo ndipo itakapojulikana kama Manda inastahili kuchimbwa kwa ajili yao.