Sauti Ilifika Gotu Kabla ya Mtandao

Wengi wakizungumzia teknolojia kanisani huanzia mwaka 2020, Korona ilipofunga milango ya makanisa. Mimi ni katekista upande wa Gotu, Isiolo, pale mto Ewaso Ng'iro unapoporomoka kwenye miamba kabla ya kushika njia ya kuelekea kinamasi cha Lorian. Kwa watu wa nchi kavu kama sisi habari hiyo ni ya zamani zaidi, na ilianza bila waya wa umeme.

Ilianza na santuri. Mwaka 1939 huko Los Angeles, Joy Ridderhof, mmisionari Mmarekani aliyerudishwa kwao na maradhi kutoka Honduras, alianzisha Gospel Recordings ili Injili isikike katika lugha ambazo hazikuwa na vitabu. Shirika hilo baadaye lilitengeneza chombo cha kadibodi cha kuchezea sahani za santuri. Unakikunja, unaweka sahani, unalaza sindano, kisha unachomeka penseli kwenye tundu la sahani na kuizungusha kwa mkono. Mzee mmoja mwinjilisti wa mjini Isiolo alinionyesha chake. Ukizungusha haraka msemaji analia kama mtoto. Ukizubaa anakuwa mlevi. Lakini kinabebeka mfukoni na hakidai betri. Yeyote aliyekibuni alimjua mchungaji wa mbuzi.

Redio ikafuata. Redio Vatikani, iliyojengwa na Guglielmo Marconi na kufunguliwa na Papa Pius XI mwaka 1931, ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Walutheri nao walikuwa na kituo chao Addis Ababa tangu 1963. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, Tanzania, mpaka serikali ya mapinduzi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo hicho mwaka 1977. Wazee wetu walibeba redio za masafa mafupi hadi fora, kambi za malisho za mbali, zikining'inia begani pamoja na kibuyu. Siku hizi Kanisa Katoliki la Isiolo lina kituo chake, Radio Shahidi.

Redio ilifanya kazi kubwa na ninaiheshimu. Tatizo lake ni moja: huwezi kuisimamisha. Habari inapita, na aliyeachwa ameachwa.

Simu ndiyo iliyobadilisha hilo. Kwanza ilileta pesa: M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kijana wa kwetu aliyeajiriwa Nairobi aliweza kutuma zaka nyumbani bila kungoja gari. Mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na ng'ombe wakafa kwa wingi kaskazini mwa Kenya, njia hiyo hiyo ilipitisha michango ya unga. Kwangu mimi hiyo ni huduma ya kanisa sawa na mahubiri.

Kisha Korona. Machi 2020 ibada za pamoja zilisimama nchi nzima, na mijini Misa ikahamia kwenye televisheni na YouTube. Huku kwetu netiweki unaifuata kilimani, na bando la kutazama Misa nzima ni bei ya chakula cha siku. Tukafanya tulivyoweza. Padre alitutumia mahubiri ya sauti kwa WhatsApp. Kijana mwenye simu kubwa alipanda kilimani, akapakua, akashuka, akayahamishia kwenye memori kadi za wenye kabambe, simu ndogo za vitufe. Kadi zikasafiri na wachungaji hadi fora. Serikali ilipofungua ibada mwezi Julai, iliruhusu watu 100 kwa saa moja tu, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Maana yake nyanya na wajukuu wao, ambao ndio kanisa lenyewe huku kwetu, waliachwa nje. Kadi ikawa yao.

Jioni moja tuliweka spika ndogo juu ya kiti cha mama mmoja wa Kiturkana, akasikiliza mfano wa kondoo aliyepotea katika lugha yake. "Mwalimu, simamisha hapo," akaniambia. "Rudisha." Nikarudisha. "Wale tisini na tisa alimwachia nani?" Kwa mtu aliyewahi kuporwa mifugo usiku hilo si swali la mzaha. Majirani wakaingia, wakabishana mpaka betri ikaisha: mmoja alisema mchungaji huyo lazima alikuwa na ndugu, mwingine kwamba alipoacha wengi ndipo upendo wake ulipoonekana. Sijawahi kupata katekesi kama hiyo kanisani, kwa sababu hakuna anayemwambia padre arudishe.

Simu hiyo hiyo ina hatari. Waturkana na Waborana wanaishi pamoja hapa, na wamejenga hifadhi moja ya wanyama, Nakuprat-Gotu. Lakini ujumbe mmoja wa sauti kuhusu mbuzi walioibwa unaweza kuamsha vijana kabla hakujapambazuka. Kwenye kundi letu la jumuiya habari ya mifugo hairuhusiwi mpaka wazee wa pande zote mbili wamekutana. Adhana ikianza kwa jirani, spika yetu tunaizima. Ninasimamia sheria hizo kwa ukali, na sitazilegeza.

Simu haiwezi kumpaka mgonjwa mafuta wala kumbatiza mtoto. Kwa hayo tunamngoja padre, barabara ikipitika. Kwa mengine nina ombi kwa maparokia yenye uwezo, hasa yanayochangisha fedha za kamera na skrini kubwa. Tengeni sehemu ya fedha hizo mrekodi masomo ya Jumapili kwa Kiturkana na Kiborana, yasomwe na wazawa wa lugha hizo, faili ziwe nyepesi, na mzitume Alhamisi. Kijana wetu atapanda kilimani Ijumaa, na Jumapili watu wa fora watakuwa wamesikia.