Mlango Uliobaki Wazi Kilindini

Likoni, Mombasa, inajulikana kwa feri yake, ila mkondo ambao feri huukata ndiyo njia ya kila meli iingiayo bandari ya Kilindini, na ng'ambo hiyo hiyo, Mtongwe, ndiko iliko kambi ya jeshi la wanamaji la Kenya. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Hata hivyo, mwaka 1980 Kenya iliiruhusu Marekani kutumia bandari hiyo ya Mombasa, na manowari zikapita mbele ya wasafiri wa Likoni bila yeyote kuambiwa zimebeba nini, kwani Marekani haikuwa ikithibitisha wala kukanusha kama meli fulani ina silaha za nyuklia.

Ndiyo maana naona historia ya Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009, isomwe kutoka majini. Mkataba unakataza kuunda, kumiliki, kujaribu na kuweka silaha za nyuklia barani Afrika. Lakini kifungu cha nne kinaiachia kila nchi iamue yenyewe kama meli za kigeni zitatia nanga bandarini mwake. Bila nafasi hiyo, mataifa makubwa yasingekubali kirahisi itifaki zake, yaani nyongeza za mkataba zilizoandikwa kwa ajili yao. Na hata hivyo, Marekani ilizitia saini itifaki hizo mwaka 1996 na mpaka leo Baraza lake la Seneti halijaziridhia.

Atasema mtu kwamba hatari ilishapita, maana mwaka 1991 Rais George Bush aliamuru silaha ndogo za nyuklia ziondolewe kwenye meli. Ni kweli, na ulikuwa uamuzi mwema. Lakini lilikuwa agizo la rais mmoja, na rais mwingine aweza kulibatilisha. Mkataba haubatilishwi hivyo. Hoja ya kwamba nchi ndogo itapoteza marafiki ikizikataa meli zao ina uzito zaidi, na New Zealand inaijibu. Mwaka 1985 iliikatalia meli ya Marekani USS Buchanan kuingia bandarini, ikatunga sheria ya kuzuia meli za nyuklia mwaka 1987, na ikakaa miaka mingi katika uhusiano uliopoa na Marekani. Mwaka 2016 manowari ya Marekani USS Sampson iliingia huko, baada ya waziri mkuu kuridhika kwamba haina silaha hizo wala haiendeshwi kwa nyuklia. Kenya imeridhia Pelindaba, na kifungu cha nne hakiizuii kuuliza vivyo hivyo kama meli ina silaha hizo kabla manowari haijafika kwenye kivuko cha Likoni.